Hodi ya Masika

Mlango wa Kaya haugongwi. Unaambiwa hodi, nao hujibu.

"Hodi!" ilisema sauti kutoka upande wa nje.

"Hodi ya nani?" Bawabu, mtambo wa mlango, akauliza.

"Masika."

"Masika wa nani? Wewe ni nani kwetu?"

Siwema alikuwa amesimama upande wa ndani, mikono ameificha kwapani kwa baridi ya chumba cha mapokezi, moyo unampiga kama mchi kinuni. Miaka kumi hajamwona aliyemlea. Jibu lililotakiwa alilijua. Kila mtoto wa Kaya hulijua kabla hajajua kufunga viatu. Unataja wito wako tu: dada wa fulani, mjomba wa fulani, mama wa fulani. Mlango unafunguka, na tangu siku hiyo kila mlango wa mji ule uliochimbwa chini ya mawe mekundu ya Mirihi utakukaribisha kwa wito huo, asubuhi na jioni, mpaka utakapobebwa kwenda kuzikwa.



"Sema dada wa Siwema," Siwema alinong'ona, ingawa mlango ule ulikuwa mnene kama ukuta wa ngome na hakuna mnong'ono uliowahi kuupita.

"Masika tu," sauti ikasema.

Bawabu alipekua kumbukumbu. Bawabu wa zamani, yule aliyeijua sauti ya Masika, aliungua zamani. Huyu wa sasa alifundishwa upya neno kwa neno, na mwalimu wake alikuwa Siwema.

"Karibu, mgeni," akasema hatimaye, na mlango ukafunguka.

Mgeni! Siwema aliona haya kama aliyezabwa kofi mbele ya wakwe. Lakini haya haikupata muda wa kukaa, maana Masika aliingia na vumbi lake, na joho zito la wachimba barafu, na nywele zilizokatwa hadi ngozini, na kile kicheko cha pengo la mbele ambacho hakuna baridi iliyoweza kukigusa.

"Shikamoo, dada!" Siwema akamrukia.

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuwa mtu mzima, he! Unanivunja mbavu." Masika alimshika mabega, akamtazama. "Ila hilo la pili tutaliongea tukishakula."

"La pili lipi?"

"Hilo la dada."

*

Walikula ugali na perege wa mabwawa ya ndani. Siwema alimtilia mgeni wake kichwa cha samaki, kama ilivyostahili, kisha akangoja.

"Kwa hiyo umekuwa kaka," alisema, akijitahidi kuwa mstaarabu. "Kama umekuwa kaka niambie tu, usiogope. Wapo. Shomari wa mitambo alisimama barazani mwaka juzi akasema yeye si Shamimu tena. Asubuhi nikamfundisha Bawabu, jioni watu walishasahau. Ni kazi ya dakika mbili."

"Sijawa kaka."

"Basi dada."

"Wala."

"Lazima uwe mahali!"

"Niko mahali. Niko hapa, nakula samaki wako asiye na chumvi."

Siwema alicheka, kisha akajuta kucheka, kisha hakujua kwa nini amejuta. Masika alisukuma sahani pembeni na kumweleza polepole, kama alivyokuwa akimweleza zamani kwa nini mbingu za huku ni za rangi ya chai.

"Unaijua ile feni ya hewa? Inavuma usiku na mchana, umezaliwa nayo, huisikii. Siku ikikoma ghafla ndipo unajua kumbe kulikuwa na kelele."

"Feni ikikoma watu hufa."

"Ndiyo. Kwa hiyo niliogopa sana. Kule Barafuni tulikuwa watu tisa, milango tunazungusha kwa mkono, tumevaa majoho yanayofanana. Hakuna aliyeniita dada wala kaka. Ni Masika, shika kamba. Masika, zima pampu. Nikasikia kitu kimekoma ndani yangu. Nikakaa nangoja kufa." Masika aliinua kiganja kitupu. "Nikaona napumua. Sijawahi kupumua vile."

"Labda ni upweke tu."

"Nilijiambia hivyohivyo. Miaka mitatu najiambia ni upweke."

Siwema alikusanya miiba ya samaki, akaipanga ukingoni mwa sahani, akaipangua. Kulikuwa na swali, na halikuwa na adabu, lakini lilikuwa limeshafika midomoni.

"Mama alipofariki, aliyenibeba mgongoni alikuwa dada yangu. Aliyenisuka, aliyenipigania shuleni, aliyenitafunia chakula nilipougua, dada yangu. Neno langu la kwanza kulisema duniani, wanasema, lilikuwa dada. Kama hakuwa dada, alikuwa nani?"

"Alikuwa mimi."

Jibu lilikuwa fupi na safi, na Siwema hakujua alishike wapi.

"Sasa nikuiteje?" akasema kwa uchungu. "Wewe una bahati, unaniita mdogo wangu, imekwisha. Mimi je? Nikuite jina kavu, kama naita paka?"

"Jaribu ndugu."

"Ndugu Masika," Siwema akajaribu, "naomba pilipili."

Wote wawili wakaangua kicheko. Neno lilitoka kama la mwenyekiti anayefungua mkutano.

"Sasa hivi utanipigisha kura," Masika akasema akijifuta machozi.

Walicheka mpaka kicheko kikaisha chenyewe, na kilipoisha kikaacha sheria mezani baina yao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wahenga walisema kwa mzaha, waanzilishi wa Kaya wakaifanya amri. Kaya ya kwanza ilikufa kwa sababu watu wasiojuana walifungiana milango hewa ilipopungua. Wale wa pili wakaapa kwamba hapa hatakaa mtu asiye wa mtu. Siku mbili milango yote itamfungulia mgeni. Ya tatu atapewa kazi na wito. Asiyekuwa na wito hupewa mtungi wa hewa na kuonyeshwa njia.

"Utarudi Barafuni?" Siwema akauliza, ingawa alijua.

"Barafuni kumezimwa. Mimi ndiye niliyezungusha swichi ya mwisho."

*

Kesho yake Siwema aliingia kwenye chumba cha Bawabu akiwa na hasira ya kuazima, maana hakujua amkasirikie nani.

Alikuwa akijivunia chumba kile. Mafundi wa mbali walioleta mtambo walikuja na lugha yao, na mtambo wao kwa kila sentensi ulitaka kuambiwa: yeye huyu ni wa kike au wa kiume? Siwema, wakati huo binti mwenye stashahada na mdomo usiolala, aliwacheka mchana kutwa. Kwetu yeye ni yeye, aliwaambia. Amekuja, ameketi, amelala: nani kawaomba mumvue nguo? Akaupangua mtambo ule na kuufunda Kiswahili kitupu, na Kaya nzima ikampigia vigelegele.

"Bawabu," alisema sasa, "pokea wito mpya. Ndugu."

"Ndugu si wito. Ndugu ni wengi," Bawabu akajibu kwa sauti ile aliyoichagua Siwema mwenyewe, ya mtu mzima asiye na haraka. "Ndugu wa ukumbi upi?"

Hapo ndipo kamba ilipofungwa. Chini kabisa ya Kaya kulikuwa na kumbi mbili za kujihifadhi wakati wa dhoruba, mmoja wa kina mama na mmoja wa kina baba. Waanzilishi waligawa hivyo kwa stara, watu wakilala siku nyingi pamoja. Hewa ya kila ukumbi ilipimwa kwa vichwa, pumzi kwa pumzi, na Bawabu ndiye aliyeigawa. Wito ndio uliomwambia kichwa kipi kihesabiwe wapi. Hakuuliza kwa umbea.

"Na kama hana ukumbi?"

"Asiye na ukumbi hana hewa. Je, nikisie?"

Siwema alishtuka. Alikuwa amesahau kwamba alimfundisha na hilo. Kukisia kulikuwa kwa ajili ya watoto wachanga na waliozimia: Bawabu husikiliza mwendo, husikiliza mbavu zinavyopanuka, husikiliza sauti inagonga wapi, kisha huchagua. Angekisia kwa pumzi moja. Masika asingejua lolote mpaka atakapofika mlangoni na mlango umwambie.

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, ndiyo, na lilikuwa linaokoa maisha. Akaufunga. Akaufungua tena. Alijiona kama mtu aliyeshika mkasi juu ya nywele za aliyelala.

"Karibu, shangazi Nyamizi," Bawabu akasema.

Bi Nyamizi, msemaji wa Kaya, aliingia akihema kwa ngazi, ushungi umeteleza, macho hayajateleza. "Nimesikia," alisema akiketi bila kukaribishwa. "Mji mdogo huu. Sasa mwanangu, shida iko wapi? Neno moja tu. Alitamke, alale. Mimi nikiitwa shangazi mguu unakatika?"

"Anasema si kweli, Bi Nyamizi."

"Na mimi sikuzaa wala sina kaka, nani aliyenipa ushangazi? Mlango! Nikauvaa kama kanga ya kupewa, haikuwa rangi yangu, nimezoea. Sisi tuliofika hapa tuliacha makabila nje, tukaacha na ugomvi wa babu zetu. Neno moja linamshinda?"

"Labda wewe ilikuwa kanga. Yeye labda ni…" Siwema alitafuta, hakupata. "Sijui ni nini. Nakwambia kweli, silielewi hata kidogo. Ninachojua, yeye haongopi. Aliyenifundisha kutoongopa ndiye."

Bi Nyamizi akaurudisha ushungi kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo taabu yenyewe. "Basi nijibu hili, msomi. Dhoruba ikija, nikamfungulia asiye na upande, hewa yake naikata kwa nani? Nitajie jina. Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Siwema akageukia mtambo.

"Sijawahi kumtoa mtu hapa," Bi Nyamizi akasema akiinuka, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wote walisema neno. Mwambie alitamke, asinifanye nimtoe yeye wa kwanza."

*

Siku ya tatu Masika hakungoja kupewa jembe. Alilichukua mwenyewe alfajiri, akaenda kitaluni kupalilia mchicha, akiimba kwa sauti mbovu. Waliopita walisema anafanya kazi kama watu wawili. Mmoja akaongeza, "Sasa hao wawili wachague mmoja," wakacheka, na Masika akacheka nao, maana utani ulikuwa mzuri.

Adhuhuri king'ora kililia. Dhoruba ilikuwa imerusha jiwe, jiwe limepasua paa la kitalu.

Watu wa Kaya hawakimbii hovyo, wamefundishwa. Walishuka kwa mistari, na kila mlango wa ukumbi ukasikika ukikaribisha, karibu mama, karibu kaka, karibu dada, karibu babu, kwa upole uleule wa siku zote. Siwema alikuwa mahali pake pa kazi, kizingitini baina ya kumbi mbili, ambapo kulikuwa na kioo kidogo na kipaza sauti. Aliwaona wote wakipita. Kisha ujia ukabaki mtupu, vumbi jekundu likaanza kuingia kama moshi, na ndani ya vumbi akatokea Masika, mkono mmoja umeziba mdomo, jembe bado liko begani kana kwamba amesahau kulitua.

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Masika."

"Siku za mgeni zimekwisha. Wewe ni nani kwetu?"

Masika aliegemea mlango. Kupitia kioo aliyaona macho ya Siwema, na Siwema aliyaona yake, mekundu, yanatoa machozi ya vumbi. Midomo ya Masika ilifunguka. Ilikuwa imebeba neno, Siwema aliliona kabisa likija.

"Dada!" Siwema akapiga ukelele. "Dada! Dada!"

"Ushahidi wa Siwema umepokelewa," Bawabu akasema. "Karibu, dada Masika."

Mlango ukafunguka, Masika akaanguka ndani na jembe lake, na kina mama wakampokea kwa maji na kwa mikono mingi. Walimpangusa uso, wakamsomea dua. Siwema alipiga magoti pembeni, analia kwa furaha.

Masika alikohoa mpaka akapata pumzi. Maneno yake ya kwanza hayakuwa asante.

"Ulijua," akauliza, "au uliteleza?"

*

Siwema alilala na swali hilo, akaamka nalo. Alikuwa mwalimu wa Bawabu. Hakuna aliyejua kama yeye kwamba neno la mwenye wito likipazwa kizingitini huwa ushahidi kwa aliye nje. Lakini mtoto naye, akiona jengo linawaka, hulia mama, na halii kwa kufikiri. Alijirudisha pale kiooni mara kwa mara. Mara nyingine aliona ulimi umemponyoka. Mara nyingine aliona, chini ya ule ukelele, mtu mwingine ndani yake, ametulia, mjanja, amepata alichokuwa akikitaka: dada yake amerudi, na mlango umetia muhuri.

Na Kaya ikaridhika. Karibu dada Masika, ilisema bafuni. Karibu dada Masika, jikoni. Karibu dada Masika, msalani, usiku wa manane, kwa upole. Watu nao walilichukua neno mlangoni wakalipitisha, dada Masika hivi, dada Masika vile, kwa nia njema tupu. Baada ya muda Masika aliweka kiatu kwenye mlango wa chumba ili usifunge, maana mlango usiofunga hausemi. Kisha akaacha kutoka.

"Ulitaka nikuache ufe?" Siwema akamuuliza, sahani ya uji mkononi.

"Usiniulize hivyo. Hilo ni swali lenye jibu moja." Masika alikuwa amelala chali, anatazama dari. "Nashukuru napumua. Na kila mlango unamkaribisha mtu ambaye hayupo, mimi ndiye napita kwa kivuli chake. Yote mawili ni kweli. Sijui kuyapanga, Siwema. Nilidhani nikirudi nitajua kuyapanga."

"Ulikuwa unataka kusema nini? Pale mlangoni. Nilikuona."

"Nilikuwa nataka kusema neno."

"Neno gani?"

Masika alifikiri kwa uaminifu. "Sijui," akasema. "Ulinitangulia. Sasa hata mimi sitajua."

Siwema akaenda kwa Bi Nyamizi kuuliza kama ushahidi hutenguliwa.

"Hutenguliwa na shahidi mwenyewe, mbele za watu," Bi Nyamizi akajibu, akimenya kitunguu bila kumtazama. "Na anayetengua, mdomo wake unafungwa kwa Bawabu. Milango utapita. Lakini neno lako hatalisikia tena, na kumfundisha ndiyo basi. Kazi yako yote ile, binti. Na Masika atakuwa mgeni asiye na siku hata moja." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, labda ni kitunguu. "Mwache. Atazoea."

"Wewe ulizoea?"

Kisu kikasimama kidogo, kisha kikaendelea.

*

Baraza lilijaa. Masika alikuja akiwa amevaa lile joho la barafu, tayari kwa lolote, akakaa karibu na mlango.

"Siku ya dhoruba nilimwita dada," Siwema alisema. "Si kweli. Nautengua ushahidi ule."

"Basi kaka!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wala si kaka."

"Sasa ni kitu gani?" akauliza Bwana Chonya wa mabwawa, na hakuuliza kwa ubaya, alikuwa amechanganyikiwa kama wengine. "Siwema, mimi si msomi. Nieleze nielewe."

"Siwezi, Bwana Chonya. Ningekueleza kama ningeelewa. Nimekaa naye nyumbani, nimemuuliza kila namna, na bado kuna mahali nafika nagonga ukuta. Lakini sikuwahi kuielewa hata feni, na naivuta hewa yake."

Kukawa na mguno, nusu kicheko. Bi Nyamizi aligonga meza. "Swali langu lipo palepale. Hewa yake naikata kwa nani?"

"Kwangu," Siwema akasema. "Nusu ya yangu."

Kila mmoja pale aliweza kupiga hesabu ile kichwani.

"Nusu haivuki dhoruba kubwa," Bi Nyamizi akasema polepole. "Haitakuvusha wewe, wala yeye."

"Najua."

Masika alikuwa amesimama. "Siwema, kaa chini. Mimi sikuomba jambo hilo."

"Nami sikuomba kubebwa mgongoni."

"Siwema!"

"Ukikataa, kataa. Lakini usinikatalie kwa sababu unaniona mtoto."

Wakatazamana. Masika ndiye aliyeketi kwanza, taratibu, kama mtu anayeteremsha mzigo asiojua utalia vipi ukigusa chini.

"Mlango utauliza," Bi Nyamizi akasema. "Huyu ni nani kwako? Nipe neno la kumwambia, si hotuba."

Siwema alikuwa amelala macho akitafuta neno hilo. Alikuwa amepekua ushairi wa kale na misamiati ya mabara matatu, amekwangua kila chungu cha lugha aliyojivunia. Sasa, watu wanamtazama, yote yakamtoka, na kilichobaki mdomoni kilikuwa kitu cha kawaida kabisa, cha sokoni, ambacho watu husema kila siku bila kukisikia.

"Ni mkubwa wangu," akasema.

"Mkubwa wa kazini?" Bwana Chonya akauliza, na baraza likacheka.

"Wa tumboni. Alitangulia, nikafuata."

Bi Nyamizi hakucheka. Alihesabu kwa vidole, midomo inacheza. Nusu huku, nusu kule, kizingitini baina ya kumbi kuna nafasi ya mkeka mmoja. Alihesabu mara ya pili, akitafuta kosa, na uso ulionyesha kwamba angefurahi kulipata.

"Hesabu imekaa," akasema mwisho. "Moyo wangu haujakaa, ila hesabu imekaa."

Pale pale mbele ya kipaza sauti Siwema alitamka maneno ya kutengua. Alipomaliza, kwa mazoea ya miaka, akaongeza: "Bawabu, umenisikia?"

Bawabu hakujibu. Siwema aliita tena, taratibu, kama mtu anayeita kwenye nyumba iliyohamwa, na mkono wa Bi Nyamizi ukamsogeza pembeni. Bi Nyamizi ndiye aliyelisema neno, kwa kununa, akimwangalia Masika kama anayemkopesha kitu cha thamani: "Bawabu. Pokea wito. Masika, mkubwa wa Siwema. Hewa, nusu ya Siwema. Mahali, kizingitini."

"Nimepokea," Bawabu akasema. "Sikufundishwa namna ya kumkaribisha."

"Aliyekufundisha umemfungia mdomo," Bi Nyamizi akamjibu. "Jitahidi."

Watu wakatawanyika wakinong'ona. Wawili wale walipanda ngazi bila kusemezana, Masika mbele, Siwema nyuma, mpaka kwenye mlango wa chumba. Masika aliinama, akakitoa kile kiatu. Mlango ukajifunga.

"Hodi," akasema.

"Hodi ya nani?"

"Masika. Mkubwa wa Siwema."

Mahali fulani chini yao mtambo ulikuwa unapekua kila kitu ulichowahi kufundishwa.

"Karibu," Bawabu akasema.

Mlango ukafunguka. Masika hakuingia mara moja. Alisimama kizingitini, mabega yamepanda, kama anayengojea kofi alilolizoea, na kofi halikuja, na mabega yakaanza kushuka. Nyuma yake Siwema naye alikuwa akisikiliza. Alilisikia lile pengo baada ya karibu, mahali ambapo neno lake la kwanza duniani lilikuwa likikaa, na machozi yakamjaa. Alikuwa amefiwa, na aliyemfia alikuwa mbele yake, hai, anavua viatu. Hakujua ampe nani pole.